Sifuri ya Kulala

Mimi sipendi kuulizwa maswali ndani ya nyumba yangu. Kwa hiyo yule nesi alipokuja mara ya kwanza, begi begani na karatasi mkononi, nilimkaribisha kwa mdomo tu. Alisema anafanya utafiti kuhusu maumivu na maisha ya kila siku ya wagonjwa wanaouguzwa nyumbani, wale ambao hospitali imeshasema ugonjwa wao hauponi. Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Saratani ilianzia kwenye tezi dume ikaingia mifupa ya nyonga, na daktari alikuwa ametuambia kwa upole kwamba sasa kazi ni kumtunza tu. Nikawaza moyoni: sisi tunatafuta mtu wa kumsaidia mzee, wao wanatuletea mtu wa kumhoji.

Mzee mwenyewe hakuwa na neno. Watu wote walimwita Fomeni, hata wanawe wa kuwazaa, kwa sababu alikuwa msimamizi wa mafundi katika gereji ya mabasi mpaka alipostaafu, na usimamizi hakuuacha hata baada ya kurudisha funguo. Alichukua ile karatasi ya kukubali kushiriki, akavaa miwani, akaisoma yote, mbele na nyuma, huku nesi akimsubiri. Akauliza, je, akichoka katikati itakuwaje. Nesi akamwambia ataacha siku hiyohiyo na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Fomeni akasema hiyo ameipenda, akatia sahihi.

Kisha nesi akanigeukia mimi na kuniomba nitoke chumbani, kwa sababu maswali yake humuuliza mgonjwa peke yake.

Nilitoka. Nashona mapazia nyumbani, cherehani iko sebuleni, basi nikaikalia na kushona kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Mimi ndiye ninayempikia, ninayemfulia, ninayembadilishia shuka, halafu mtu ametoka huko alikotoka ananitoa chumbani. Alipomaliza nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejitia hataki kujua, mzee amesemaje. Akajibu kwa adabu kwamba hayo ni ya mzee mwenyewe kuniambia akipenda. Palepale nikambandika jina: Nesi Maswali.

Ukweli ni kwamba alinikuta tayari nina donge moyoni. Mzee alikuwa ameanza kukataa chakula changu. Uji vijiko viwili, asante mwanangu, nimeshiba. Maji ndiyo kabisa: analowesha midomo, anarudisha glasi. Midomo ilikuwa imekauka mpaka inapasuka, na daktari wa kliniki alishatuonya kwamba asipokunywa, figo zitamwondoa kabla saratani haijamaliza kazi yake. Nilibembeleza, nilinuna, nilitia asali, niliacha kutia asali. Wapi. Lakini mume wangu akirudi, maana yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu na nyumbani anakuja mara mojamoja, Fomeni yuleyule anakula sahani nzima na kunywa maji mpaka anahema. Chakula ni kilekile na mpishi ni mimi. Mume wangu akishawasha lori lake, mzee anafunga mdomo.

Sasa wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kwamba mkono wangu haumpendezi, na kwamba heshima yote ya miaka ile ilikuwa ya juujuu.

Na heshima ilikuwepo, tena ya kupitiliza. Tangu niolewe, Fomeni hakuwahi kuingia jikoni nikiwemo bila kukohoa kwanza mlangoni. Hakuwahi kutoka bafuni kabla hajavaa kamili, mpaka kifungo cha shingoni. Mimi nami sikuwahi kukalia kiti chake wala kumkata kauli, na kukata watu kauli ndio ugonjwa wangu. Tuliishi nyumba moja kama majirani wema wenye ukuta katikati. Ndiyo maana kule kukataa maji kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Kuhusu maumivu hatukuwa na wasiwasi. Kliniki walikuwa wakimwambia ayape maumivu yake namba, sifuri ikiwa haumwi kabisa, kumi ikiwa ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria. Fomeni alijibu sifuri, au moja akitaka kuwapa moyo. Kila mtu akaisifu dawa. Mimi mwenyewe niliwapigia ndugu simu kuwaambia mzee wetu haumwi popote, analala tu ametulia.

Nesi Maswali aliporudi mara ya pili, nikatolewa tena. Mlango wa chumba kile ni wa mbao nyembamba, na mimi masikio sikuyaziba. Nikasikia akiuliza lile swali la namba, Fomeni akajibu sifuri bila hata kufikiri. Kliniki wangeishia hapo. Nesi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe kiti, "Sasa naomba ugeukie ukutani, polepole, halafu nitakuuliza tena."

Kitanda kikalia. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mzee yule. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango na hataki watoto wajue.

"Tisa," akasema, akihema.

"Na ile sifuri?"

"Nesi, gari lililozimwa halina kelele."

Nilisimamisha cherehani. Baada ya hapo sauti zilishuka, nikawa nasikia mnong'ono tu, na ulikuwa mrefu, wa mzee zaidi kuliko wa nesi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba lile swali la pili aliliweka yeye mwenyewe kwenye utafiti wake. Alikuwa amefanya kazi wodini miaka mingi, akaona kwamba wagonjwa wanaosifiwa kwa kutoumwa ndio haohao wasiojisogeza, basi akaamua atauliza mara mbili, mtu akiwa ametulia na mtu akijigeuza. Wenzake walimwambia anajiongezea kazi bure. Yeye akaiongeza. Namsifu kwa hilo mpaka leo, na mimi si mwepesi wa kusifu watu.

Alipotoka hakwenda mlangoni kama siku ya kwanza. Alinifuata jikoni, akaomba kukaa, akaniuliza mzee anakunywa maji kiasi gani. Hapo ndipo nilipomwaga yote. Nikamwambia habari ya uji, ya asali, ya sahani nzima mume wangu akiwepo, na kwamba kama mzee ananichukia ni bora aseme. Alinisikiliza bila kutikisa kichwa na bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza waziwazi mzee amemwambia nini kule ndani.

"Dada, nimepewa maneno ya mtu," akasema. "Nimemwomba ruhusa nikuambie, amekataa. Siwezi kukupa."

Nilitaka kukasirika, lakini alivyolisema ni kama mtu aliyeshika kitu kizito na mikono inamuuma. Akaniomba nijibu mambo machache ya kawaida. Choo kiko umbali gani na kitanda? Mwisho wa korido. Mzee anafikaje? Hafiki, nikamwambia, kusimama hawezi, kuna chombo cha haja kitandani. Nani anamwekea na kumsafisha? Nikamjibu kwa haraka, kama mtu anayejibu jambo lililo wazi, kwamba ni mimi, isipokuwa mume wangu akiwepo, hapo anambeba baba yake mpaka chooni na kumwogesha yeye mwenyewe.

Nikayasikia maneno yangu yalipokuwa yanatoka.

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa na mgeni. Nesi hakusema ndiyo wala hapana. Aliangalia dirishani, akanipa nafasi. Mzee hakuwa akikataa chakula changu. Alikuwa akikataa kile kinachofuata baada ya chakula. Mtu aliyekohoa mlangoni miaka yote ili nisishtuke nikiwa nimefunua kichwa, sasa kila akinywa glasi ya maji ilibidi mkaza mwanawe aje amfunue nguo, na zaidi ya hapo kila akiinuliwa kiuno anapasuka kwa maumivu. Akapiga hesabu zake za gereji, akaona njia rahisi ni kukausha tangi. Asile, asinywe, asijisogeze, na akiulizwa aseme sifuri. Na mimi kwa upendo wangu wote nilikuwa nambembeleza anywe.

Nililia pale kwenye ndoo bila aibu. Nesi akaniambia yeye hapa kazi yake ni kuuliza, si kutibu, lakini utaratibu wa utafiti unamtaka akikuta maumivu ya namna hii awaite wanaotibu, na anawaita sasa hivi. Alitoka uani akapiga simu. Nilimsikia akimweleza daktari kwa utulivu, namba ya kulala na namba ya kugeuka, na akirudia tena pale daktari alipotaka kuishia kwenye namba ya kwanza. Alisimama juani mpaka akapata jibu.

Jibu lilikuwa mofini ya maji, ya kunywa kila siku kwa saa zake, na kipimo kingine kidogo cha kunywa kabla hajainuka, kisha asubiri iingie mwilini ndipo ajisogeze. Pamoja nayo akaandikiwa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Fomeni aliposikia hiyo ya pili alisema kumbe madaktari nao siku hizi wanafikiria mbele.

Mume wangu ndiye aliyeleta kikwazo. Nilimpigia akiwa barabarani, akaegesha lori ili agombe vizuri. Mofini, akasema, si ndiyo ile ya kuwamalizia watu? Sitaki baba yangu alazwe usingizi kama mnyama mgonjwa. Nilijaribu, nikashindwa, nikampa nesi simu. Yeye hakubishana naye. Alimwambia, "Kaka, baba yako tayari amelala. Hakulazwa na dawa, analala kwa sababu akijisogeza anaumia. Hii dawa tunampa ili ainuke." Kisha mume wangu akauliza kipimo ni kiasi gani, na kama ni kabla ya chakula au baada.

Lilibaki suala la korido. Nilimwita fundi wa kuchomelea, akafunga bomba ukutani kutoka mlango wa chumba cha mzee mpaka mlango wa choo, la kushikilia. Kiti cha plastiki tukakitoboa katikati na kukiweka juu ya choo ili asiiname sana. Fundi alikuja akidhani atafanya kazi kwa amani. Fomeni, akiwa kitandani, hana anachokiona isipokuwa kipande cha ukuta, alianza kumwelekeza. Shusha, mimi si twiga. Umeweka skrubu ngapi hapo? Ongeza. Fundi aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada, nami nikajitia nahesabu mapazia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia mzee akisumbua mtu, na nilifurahi kama nimepewa zawadi.

Siku ya kuanza, nesi alikuja asubuhi. Mzee alikunywa kipimo chake, na wakati dawa inaingia wakazungumza habari za mabasi ya zamani, yapi yalikuwa na breki mbovu. Mimi niliombwa nitoke. Safari hii si chumbani, nyumbani kabisa. Siku nyingine ningewaka. Nilichukua ufagio nikaenda getini, nikafagia uwanja niliokuwa nimeufagia alfajiri.

Dirisha la korido lilikuwa wazi. Nilisikia, "Usinishike." Nikasikia, "Sikushiki, mzee, niko nyuma tu." Nikapata kumwona nesi kupitia nondo za dirisha, anatembea nyuma yake hatua kwa hatua, mikono ameinyoosha pande zote mbili za kiuno cha mzee bila kumgusa, kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea na asitake mtoto ajue. Alikuwa na kisomo kikubwa yule mwanamke, na kazi yake siku ile ilikuwa kukaa tayari na kutofanya kitu. Mlango wa choo ukafungwa. Nesi akarudi nyuma, akageukia upande mwingine, akasubiri. Mzee alikaa humo muda mrefu sana, na hakuna aliyemgongea.

Alipotoka, nywele zimelowa maji ya kunawa, akaulizwa namba. Akafikiri sana safari hii.

"Nne," akasema. "Lakini hii nne naitaka mimi. Ile sifuri ya kulala mlikuwa mnaitaka ninyi."

Nesi akaandika. Mchana ule Fomeni alimaliza sahani yangu, akanywa maji glasi ya kwanza na ya pili, na akalalamika kwamba chumvi imepungua. Nilikwenda kucheka jikoni.

Zikafuata siku nzuri. Sitazitia chumvi, hakupona, na nyonga iliendelea kuliwa ndani kwa ndani. Lakini aliamka, akavaa shati, akaja sebuleni kwa bomba lake, akakaa karibu na cherehani yangu na kuisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza injini. Alisema inalia upande, akaniagiza mafuta, akaifungua na kuifunga tena akiwa amekaa, na kweli ikanyamaza. Nesi alipomuuliza swali lake la kila wiki, maisha yako wiki hii yalikuwaje, alijibu kwamba amemsema mkaza mwana wake mara kadhaa na ametii mara moja, kwa hiyo yanaelekea kuzuri. Mimi sasa nilikuwa namngojea nesi kwa hamu. Siku zake nilisafisha nyumba kama anakuja mkwe.

Alinifundisha pia. Mwishoni mwa kila ziara, mzee akiwa anasikia, alinionyesha namna ya kumgeuza mtu kwa shuka badala ya kumvuta, namna ya kumwogesha akiwa amefunikwa, unafunua mkono tu, unaosha, unafunika, ndipo uende mguu. Na useme kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya, akasema, ili mwili uwe bado ni wa mwenyewe. Hakusema ni kwa ajili ya siku gani. Fomeni alisikiliza yote akiwa amefumba macho, na najua hakuwa amelala.

Siku hiyo ikaja. Ilikuwa asubuhi, mume wangu yuko mbali barabarani, nesi zamu yake haijafika. Mzee alikunywa kipimo chake, akasubiri kama kawaida, akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika bomba. Magoti yakakataa. Niliona kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akarudi kukaa, kisha akalala taratibu na kujinyoosha kama zamani, ametulia tuli.

Nilijua kinachofuata: atasema hana njaa, atalowesha midomo, atarudisha glasi, na safari hii hakuna bomba la kufunga ukutani. Nilisimama kwenye korido, sijui niingie au niende getini na ufagio. Nilimwogopea kuliko siku yoyote ile, na niliogopa zaidi kumwonyesha kwamba nimeona.

"Mwanangu," akaita. "Uko hapo?"

"Nipo, baba."

"Ingia. Leo siwezi. Nisaidie wewe."

Niliingia. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikamfunika shuka kwanza, nikamwambia sasa naosha mkono, sasa mgongo, sasa nakugeuza, tayari? Akasema tayari. Hakugeuzia uso ukutani. Aliangalia dari, kisha akaniangalia mimi, akaniambia nisiharakishe, hakuna basi linalotungojea. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nilipomaliza na kumvalisha shati, nikamuuliza ameumia kiasi gani. Akasema tano, na ni tano ya kweli. Kisha akanyoosha mkono akaomba maji. Nilimjazia glasi, akainywa yote mbele yangu, akanirudishia akaomba nyingine.